Glavu za Bi Kalinke

Kwenye chumba cha chini cha taasisi moja ya kemia, Dahlem, Berlin Magharibi, glavu zikitundikwa ndani-nje maana yake ilikuwa moja: usizivae, hazijapimwa. Zikitundikwa sawasawa, vaa bila wasiwasi, hazina tundu. Sheria hiyo aliitunga Bi Roswitha Kalinke, na kwa miaka kumi na saba hakuna daktari wala profesa aliyethubutu kuichezea. Taasisi ile ilikuwa na wasomi waliogombana na mawaziri bila kupepesa jicho, lakini mbele ya mama yule mfupi, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, walikuwa wapole kama watoto wa chekechea.

Glavu alizipima kwa pumzi yake mwenyewe. Aliipuliza moja moja mpaka vidole vikasimama kama chuchu za ng'ombe, akaikaba shingo, akaizamisha kwenye beseni la maji na kutulia. Isipotoa kitu, inarudi msumarini. Ikitoa kiputo kimoja tu, hata kidogo kama punje ya haradali, inakwenda kwenye pipa la taka, na kabla ya kuitupa aliikata kwa mkasi ili pasitokee bahili wa kuiokota.

Ukali wote huo ulitokana na asidi. Ilikaa kwenye chupa ya plastiki, maana kioo inakila, na watu wa chini waliiita Mkimya. Asidi nyingine zina adabu zake: zikikugusa unapiga yowe, unakimbilia bomba, mambo yanaisha. Hii haisemi kitu. Inapenya ngozi taratibu, inakwenda kuutafuta mfupa, na wewe mwenyewe umekaa unakunywa kahawa. Mwaka 1959 kikombe kizima cha asidi hiyo kilimmwagikia pajani mzee Wuttke, fundi aliyekuwepo kabla ya Bi Kalinke. Akahisi mwasho kidogo, akadhani ni maji ya kusuuzia. Alifanya kazi mpaka jioni, akarudi kwake, akala viazi vyake, na kabla hakujapambazuka moyo wake ukasimama. Bi Kalinke ndiye aliyekwenda kumpokonya mjane funguo za chumba, kwa amri ya ofisi, na jambo hilo hakuwahi kuisamehe ofisi.

Tangu mwaka ule mfuko wa kushoto wa koti lake la kazi haukukosa tyubu ya dawa ya kalsiamu, ya kupaka ili kumzuia Mkimya asifike mfupani. Na ikaongezeka sheria ya pili: hakuna kumgusa Mkimya mpaka mtu wa pili akae kwenye kigoda karibu na mlango. Mtu wa kigoda hafanyi lolote. Anatazama mikono ya mwenzake, basi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza elektrodi, vipande vya kupitishia umeme kwenye myeyusho, na si za shaba wala za chuma. Zilikuwa za silikoni, kitu ambacho si chuma kinachopitisha umeme saa zote, wala si kioo kinachoukataa moja kwa moja. Kinapitisha kikibembelezwa, na kubembelezwa kwake ni mwanga. Bi Kalinke alikata fuwele nyembamba kama kipande cha soseji ya kifungua kinywa, akaubandika waya mgongoni, akaziba kingo kwa nta maji yasije yakapenya nyuma, kisha akausugua uso mpaka ukaonyesha sura yake na mikunjo yake yote. Hapo ndipo asidi ilipohitajika. Silikoni ikikaa hewani inaota ngozi nyembamba ya kioo, na ngozi hiyo ikishaota, chaji haiwezi tena kuvuka kutoka kwenye fuwele kwenda kwenye myeyusho. Asidi inaichuna ngozi hiyo. Ukishaichuna huna muda: suuza, tia kwenye chombo, washa taa, haraka, maana inaanza kuota upya papo hapo. Wasomi wa ghorofa za juu waliandika vitabu vizima juu ya jinsi chaji inavyovuka, lakini uso wenyewe ilikovukia ulitoka mikononi mwa mwanamke aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alizaliwa Genthin, mji mdogo wa upande wa mashariki, akaukimbia mwaka 1957 na sanduku moja, akimwacha dada yake Edeltraud dirishani. Tangu siku ile hakuivuka tena nchi ile, iliyoizunguka Berlin Magharibi pande zote, kwa gari wala kwa treni. Akienda likizo alipanda ndege, hata kama jirani zake walimcheka. Walimwambia kwamba siku hizi njia ni salama, kuna mkataba, waliokimbia zamani hawakamatwi. Akajibu kwamba mkataba ni karatasi.

Ndipo akaja Volkmar Lüders, daktari kijana kutoka Oldenburg, mrefu, mchafu wa koti, mwepesi wa kucheka. Yeye peke yake alithubutu kumwita Shangazi. Wiki ya kwanza Bi Kalinke alimtazama kwa jicho kali. Wiki ya pili akamshonea kifungo. Mwaka wa tatu alikuwa akimletea mkate wenye jibini kila asubuhi, kwa sababu, alisema, mtu mwenye njaa mikono inamtetemeka.

"Shangazi, unajua chaji ni kama sisi watu wa Berlin?" Volkmar alimwambia siku moja. "Haivuki mpaka eti kwa sababu imetaka. Sharti upande wa pili kuwe na nafasi ya kimo chake hasa. Ikikosekana, inabaki mlangoni na vibali vyake vyote."

"Wewe umevuka mara ngapi kwa miguu yako?" Bi Kalinke alimuuliza.

"Mimi? Hata mara moja."

"Basi funga mdomo ushike koleo."

Sasa, Alhamisi moja ya Machi 1976, Volkmar alikuwa na safari. Alikuwa akienda kuwasilisha matokeo yake Göttingen, Ujerumani Magharibi, na treni ya kupita mashariki ilikuwa inaondoka saa nane na nusu mchana. Alitaka mchoro mmoja wa mwisho, msafi, wa uso uliochunwa siku hiyohiyo. Walikubaliana saa nne asubuhi: yeye kwenye asidi, Bi Kalinke kwenye kigoda.

Saa nne kasoro kidogo Bi Kalinke alikuwa na beseni lake mbele, anapima glavu. Simu ikalia. Alikuwa Bi Trautwein, karani wa Profesa.

"Roswitha, panda juu mara moja. Kahawa iko mezani."

"Kahawa ya nini?"

"Ya siku yako ya kuzaliwa!"

"Siku yangu ni kesho, Trautwein. Kesho!"

"Kesho Profesa hayupo, anapanda ndege adhuhuri. Kasema tusherehekee leo. Keki nimeoka mimi, usijisumbue."

Bi Kalinke alikata simu kwa kishindo. Kwao mtu hapongezwi kabla ya siku yake, hata kwa mzaha. Ni kuichokoza nuksi iliyolala. Na keki huletwa na mwenye siku, si karani. Alikuwa amefika kiwango cha mwisho cha hasira, na mkononi alikuwa na jozi ya glavu aliyokwisha kuigeuza sawa lakini hajaipuliza. Akaitundika msumarini hivyohivyo ilivyokuwa, huku akilaani, akafuta mikono.

"Ningoje," alimwambia Volkmar. "Usiiguse chupa. Dakika kumi."

"Ndiyo, Shangazi. Niletee kipande cha keki."

"Keki ya nuksi hiyo, siileti humu!"

Kule juu walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, kumi na wanane, kila mmoja na maneno yake, na Profesa akatoa hotuba. Keki ilikuwa ya tufaha. Kila alipopongezwa alijibu "kesho, kesho," nao wakacheka. Dakika kumi zikawa thelathini.

Aliporudi chini alisikia kalamu ya mashine ikikwaruza karatasi. Volkmar alikuwa ameinama juu ya chombo, taa imewashwa, uso umemng'aa kwa furaha.

"Tazama, Shangazi! Nikizima taa, sifuri. Hakuna hata chembe inayovuja. Nikiwasha, ona, inaruka! Hujawahi kunitengenezea uso kama huu."

"Nani alikaa kwenye kigoda?"

Volkmar alijifanya anarekebisha taa.

"Nimekuuliza, Volkmar. Nani?"

"Treni hainingoji, Shangazi. Nilivaa glavu, nilisuuza, kila kitu sawasawa. Sikumwaga hata tone."

"Wuttke naye alidhani ni maji tu. Yuko wapi leo?"

Alimgombeza mpaka sauti ikamkauka. Volkmar aliinamisha kichwa kama mtoto, kisha akakunja mchoro wake, akambusu shavuni na kukimbia kwenda kwake kuchukua sanduku. Mlangoni aligeuka akasema, "Na hongera ya kesho!" Bi Kalinke alimrushia kitambaa.

Saa saba na dakika arobaini, baada ya chakula, alirudi kwenye beseni lake kumalizia alipoachia. Akahesabu jozi. Akaikuta ile aliyoitundika asubuhi, ikiwa bado na unyevu wa mkono wa mtu. Akasimama. Hakuwa na haja ya kukumbuka. Akapuliza ya kushoto, akaizamisha. Hakuna kitu. Akapuliza ya kulia, akaizamisha.

Kwenye kidole gumba kikatoka kiputo. Kikapanda polepole, kikapasuka. Kikatoka kingine.

Alipiga hesabu kwa vidole kama mtu asiye na akili timamu: saa nne na robo mpaka sasa, saa tatu na nusu. Mkimya bado yuko njiani, hajafika mfupani, au ndiyo kwanza anafika. Alimpigia simu mama mwenye nyumba wa Volkmar, akaambiwa kijana ameshatoka, tena anapiga mluzi. Alipiga stesheni ya Zoo. Stesheni ile iko kwetu lakini wenye kuiendesha ni wa upande wa pili, na simu zao wanapokea wakipenda. Iliita, ikaita. Akakamata mkoba wake, akapapasa mfuko wa kushoto, tyubu ipo, akatoka na koti la kazi mwilini.

"Zoo!" alimwambia dereva wa teksi. "Na ukisimama kwenye taa nyekundu nashuka nakimbia."

"Mama, mimi nina leseni moja tu."

"Na mimi nina kijana mmoja tu. Endesha!"

Alifika jukwaani treni ikifungwa milango. Alimwona Volkmar dirishani, behewa la tatu, anasoma gazeti. Aligonga kioo. Volkmar akamwona, akacheka, akampungia mkono, kwa mkono wa kulia. Filimbi ikalia. Bi Kalinke hakufikiri Genthin, hakufikiri sanduku la mwaka 1957. Alishika chuma cha mlango akajirusha ndani, na treni ikaanza kwenda.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nipe mkono. Huu. Gumba."

"Gumba lina nini?"

"Linauma?"

"Haliumi. Lina ganzi kidogo tu, nadhani ni baridi."

Ncha ya kidole ilikuwa nyeupe, weupe wa mshumaa. Bi Kalinke aliitazama mara moja tu. Akafungua tyubu, akaminya, akaanza kusugua. Abiria wa pili, mwanamke mwenye paka kikapuni, aliwatazama akahamia behewa jingine.

Kabla hawajamaliza kupita vichaka vya mpakani wakaja maofisa wawili wa mashariki, wenye sare ya kijani. Mmoja alichukua kitambulisho cha Bi Kalinke, akakisoma kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Umezaliwa Genthin."

"Ndiyo."

"Huna mzigo."

"Sina."

"Una koti la kazi." Akamwangalia Volkmar. "Huyo ana nini?"

"Ameungua."

Ofisa aligonga muhuri, akamrudishia kitambulisho bila kukiachia mara moja, na kwa nukta chache wote wawili walikuwa wamekishika. "Treni hii haisimami," alisema. "Mnajua hilo."

Walijua. Na muda si mrefu baada ya Brandenburg, Volkmar aliacha kuzungumza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha akavuta pumzi kwa kelele, akajikunja mpaka paji la uso likagusa goti.

"Shangazi. Shangazi, kuna kitu kinanitafuna kwa ndani."

"Najua. Usiuvute mkono."

Alisugua. Akisugua maumivu yalirudi nyuma hatua moja, akiacha yalikuja mbele hatua mbili. Tyubu ilikuwa ya kutumia saa moja, na mpaka Helmstedt, kwenye hospitali ya kwanza ya upande wetu, zilibaki zaidi ya mbili. Akaanza kuminya kidogo kidogo, kama mama anayegawa siagi wakati wa vita.

"Nisamehe," Volkmar alisema, meno yamekazana. "Ulinikataza. Ningekungoja. Ni kosa langu peke yangu, nisamehe, Shangazi."

Bi Kalinke aliendelea kusugua. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona akiitundika ile jozi, na ile glavu yenyewe alikuwa ameiacha ndani ya beseni, angeikata kwa mkasi Jumatatu, na dunia nzima ingesema kijana alivunja sheria ya kigoda. Lingekuwa hata jambo la kweli. Alimpenda kijana huyu kupita alivyowahi kumpenda mtu tangu afiwe na mumewe, na aliogopa kumpoteza.

"Volkmar," alisema. "Zile glavu sikuwa nimezipima."

"Zilikuwa zimetundikwa sawa."

"Nilizitundika mimi. Nilikuwa na hasira ya ile keki. Sikupuliza."

Volkmar aliinua kichwa. Alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza analisoma jina lake. Kisha akauvuta mkono wake kutoka mikononi mwa Bi Kalinke, polepole, akauweka kwenye paja lake mwenyewe na kuufunika kwa ule mwingine. Treni ilipiga makelele darajani, na nje ya dirisha ukapita mnara wa maji, ghala la matofali na bango lenye jina la Genthin, na Bi Kalinke, aliyeliota bango lile miaka kumi na tisa, hakuligeukia. Alikuwa akiutazama ule mkono.

Maumivu yakapanda tena. Volkmar alilia kwa sauti kama mtoto, akamrudishia mkono, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuupeleka.

Dawa iliisha Magdeburg ikiwa nyuma yao. Akatoa mkasi wa kucha kwenye mkoba, akaipasua tyubu, akakwangua mabaki kwa kidole. Yalipokwisha hayo aliendelea kusugua kwa mikono mitupu, kwa mate, kwa machozi, kwa lolote. Helmstedt walisubiriwa na machela, maana kondakta aliyewaona alikuwa ametuma habari mbele, mtu mwema kuliko alivyoonekana.

Madaktari walikata gumba kwenye kiungo cha kwanza. Walisema bila ile dawa ya njiani wangekata mkono, na Bi Kalinke aliambiwa hivyo mara nyingi na watu wengi, Profesa akiwemo. Mwenyewe alikwenda ofisini akaeleza kila kitu, akaomba afukuzwe. Hawakumfukuza. Hakukuwa na mwingine wa kutengeneza elektrodi.

Volkmar alirudi mwisho wa Aprili. Alishuka chini asubuhi, koti lake safi, mtu mwingine alikuwa amelifua. Bi Kalinke alikuwa ameweka mkate wenye jibini mezani, pale pake. Kijana hakuugusa. Alikwenda msumarini, akachukua jozi iliyotundikwa sawasawa, akaja nayo mpaka kwenye beseni na kumwekea mbele.

Bi Kalinke alielewa. Akapuliza ya kushoto, akaizamisha, wote wawili wakainamia maji. Hakuna kitu. Akapuliza ya kulia, akaikaba shingo kwa nguvu zote, akaizamisha. Vidole vitano vilisimama chini ya maji, vizima, bila kiputo hata kimoja. Akaitoa, akaipangusa, akamnyooshea.

Volkmar hakuipokea.

"Tena, Bi Kalinke," alisema.